Hatua Sita za Wolzi na Ngoma ya Bibi

Katika mazungumzo haya tumekwisha kuongea mengi juu ya hatua: hatua za maendeleo, hatua kali za kisheria, hatua zinazochukuliwa na wakubwa na zile wasizozichukua. Leo naomba ruhusa yenu tuongee juu ya hatua za miguu. Ziko sita, huchezwa kwa muziki wa wolzi, na kazi yake ni moja tu: kuwageuza mwanamume na mwanamke waliosimama wakitazamana, wazunguke pamoja huku wakisonga mbele ukumbini, pasipo kukanyagana wala kuvutana.

Najua wako watakaouliza, wolzi inatuhusu nini sisi? Swali hilo ni la haki, na liliwahi kuulizwa na mtu mkubwa kuliko mimi na wewe. Nitalifikia. Kwanza nianzie nyumbani.

Nilipokuwa mtoto tuliishi na baba yangu mdogo, ambaye ujana wake ulimalizikia katika kumbi za dansi za Dar es Salaam miaka ya 1950, ule wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ukiwamo. Jumapili moja mchana aliondoa viti sebuleni, akachukua kipande cha mkaa, akachora nyayo kwenye sakafu ya saruji: sita za mwanamume, na mbele yake sita za mwanamke, kila unyayo na namba yake. Akaniambia, "Mwanangu, huu ndio mzunguko wa kulia. Ukiujua huu, nusu ya wolzi umekwisha kuijua."

Bibi yangu, yaani mama yake, alikuwa akipita na ungo wa mchele. Akazitazama zile nyayo, akauliza, "Ngoma gani hii inayochezwa kwa kuangalia chini?" Akacheka, akaziruka asizifute, akaenda zake uani. Bibi huyo katika ujana wake alikuwa mcheza lelemama. Naomba mlikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Sasa tuitazame hii wolzi. Wengi wetu tumeizoea kwenye sinema, wafalme na malkia wakizunguka chini ya taa za vioo, tukadhani ilizaliwa ikuluni. La hasha. Asili yake ni ngoma za wakulima wa Austria na kusini mwa Ujerumani, ngoma za kuzunguka wawili wawili, mojawapo ikiitwa Ländler. Zilichezwa na watu wa shamba waliovaa viatu vizito. Katika karne ya 18 ngoma hizo ziliingia mjini Vienna. Huko sakafu zilikuwa laini na viatu vyepesi, basi mwendo ukaongezeka. Wakubwa wa Ulaya waliokutana Vienna mwaka 1814 na 1815 kugawana bara lao baada ya vita vya Napoleon walisifika kwa kucheza kuliko kwa kuafikiana. Baadaye wakaja akina Strauss, baba na mwana, wakaitungia wolzi muziki ambao hadi leo unapigwa.

Lakini haikupokewa kwa mikono miwili. Dansi za wenye vyeo kabla ya hapo zilikuwa za kushikana ncha za vidole, kuinamiana na kupishana. Wolzi ilimweka mwanamume mkono kiunoni mwa mwanamke mbele za watu, wakazunguka wenyewe kwa wenyewe kana kwamba ukumbi mzima haupo. Mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, Goethe, katika riwaya yake ya mwaka 1774, alimfanya kijana wake aape kwamba msichana atakayempenda hatacheza wolzi na mwanamume mwingine yeyote. Na ilipochezwa katika karamu ya mtawala wa Uingereza mwezi Julai 1816, gazeti la Times la London liliona ni wajibu wake kuwaonya wazazi wasiwaache binti zao waambukizwe jambo hilo. Msikilizaji, nisomapo habari hizo huwasikia wazee wetu wa mwambao, waliosema maneno yaleyale juu ya dansi miaka zaidi ya mia moja baadaye. Hofu ya wazazi haina kabila.

Wolzi hiyo ya zamani ilikuwa ya kasi. Ile iitwayo wolzi ya Vienna hata sasa huchezwa kwa mapigo baina ya 174 na 180 kwa dakika moja, na katika hatua sita wachezaji wanakuwa wamezunguka duara zima. Ni kama pia iliyotupwa na mtoto: inajizungukia yenyewe na huku inasafiri. Asiyezoea hushikwa na kizunguzungu kabla ya kufika kona ya kwanza.

Wolzi aliyoichora baba mdogo ilikuwa nyingine, ile ya polepole, iliyotengenezwa Uingereza baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wakati huo muziki wa jazi ulikuwa umekwisha kuingia kutoka Marekani, na vijana walikuwa wakicheza kwa mwendo wa kawaida wa kutembea, nyayo zikielekea mbele, badala ya kuzipanua nje kama walivyofundishwa babu zao. Kila mtu alicheza alivyotaka, na kumbi zikawa vurugu. Mwaka 1920 mhariri wa gazeti la Dancing Times, Philip Richardson, aliwaita walimu wa dansi mjini London wakubaliane hatua zipi ni zipi. Mwaka 1922 kijana aitwaye Victor Silvester, mtoto wa kasisi, akiwa na mwenzake Phyllis Clarke, alishinda mashindano ya dunia ya dansi ya ukumbini, na wakati huo wolzi ya Kiingereza haikuwa na mengi zaidi ya mzunguko wa kulia, mzunguko wa kushoto na namna ya kubadili mwelekeo. Mwaka 1924 chama cha walimu wa dansi, Imperial Society, kikaunda tawi la dansi za ukumbini. Walimu wa tawi hilo, Silvester akiwa mmoja wao, walifanya kazi ambayo mtu anaweza kuidharau: waliketi wakapima mguu.

Wakauliza, mguu huu unakwenda mbele, nyuma au kando? Unatua kwa kisigino au kwa vidole? Mwili umegeuka kiasi gani baina ya hatua hii na ile? Mwaka 1927 Silvester akachapisha kitabu cha kufundishia, na mwaka 1936 Alex Moore akatoa chake, ambacho kilitumiwa na walimu kwa miongo mingi.

Hebu tuufuate mzunguko huo wa kulia kama ulivyoandikwa. Wewe uliye na nafasi, simama. Chukulia kwamba ukumbi wote unazunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo ukuta uko upande wako wa kulia. Mwanamume anaelekea mshazari, pande za ukuta. Moja: mguu wa kulia unakwenda mbele, kisigino kikitangulia kama katika kutembea, na mwili unaanza kugeukia kulia. Mbili: mguu wa kushoto unakwenda kando, juu ya vidole. Tatu: mguu wa kulia unaletwa ufungane na wa kushoto, na visigino vinashuka taratibu mwisho wa pigo. Hapo mwanamume amekwisha kuupa mgongo upande anakokwenda. Nne: mguu wa kushoto unakwenda nyuma. Tano: wa kulia kando, tena juu ya vidole. Sita: wa kushoto unafunga, visigino vinashuka. Sasa anatazama mshazari pande za katikati ya ukumbi. Amegeuka robo tatu ya duara, yaani thumni tatu katika hatua tatu za kwanza na thumni tatu nyingine katika tatu za mwisho.

Mtu akisikia hivi atasema, kumbe ni rahisi. Lakini siri yake iko kwa wawili. Mwanamume anapokwenda mbele, mwanamke anarudi nyuma, na kwa sababu wanageuka pamoja, aliyerudi nyuma yuko ndani ya kona na aliyekwenda mbele yuko nje. Mfano wake ni watoto wawili walioshikana mikono wakikata kona ya njia: wa ndani hukanyaga palepale, wa nje hukimbia. Kwa hiyo aliye nje anahitaji hatua ndefu na mgeuko wa vipande viwili, robo kwanza kisha thumni, na aliye ndani hupiga hatua fupi na kuimaliza thumni tatu yote ya miguu yake kwa mara moja, mwili ukimalizia baadaye. Kisha, kuanzia hatua ya nne, wanabadilishana. Yule aliyekuwa nje sasa yuko ndani, na aliyepisha sasa anapishwa. Hatua tatu za mwisho za mwanamume ni zilezile tatu za kwanza za mwanamke, na za mwanamke ni zile za mwanamume. Ukizichora kwa mkaa utaziona: ni nyayo za namna moja zilizopeana zamu.

Baba mdogo hakujua hesabu ya thumni, lakini kosa alilijua. Nilipojaribu kumgeuza dada yangu kwa nguvu za mikono, alinisimamisha. "Usimvute mwenzio," akasema. "Ukimvuta, unamwangusha. Wewe geuka mwenyewe kwa mwili wako, naye atageuka. Na ikifika zamu yake ya kupita, mpe njia." Makosa mengine alinionyesha: kuinuka juu ya vidole mapema, kabla hatua ya kwanza haijaisha, ambako humfanya mtu adundedunde kama aliyekanyaga kaa la moto, na kuacha kufunga miguu katika hatua ya tatu, ambako humwacha mtu hajui mguu upi ni zamu yake. Kosa la mwisho lilikuwa lile bibi aliloliona kwa mtazamo mmoja tu: kuangalia chini.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa redio, kuna jambo moja katika habari hizi linalonigusa zaidi. Mwaka 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili, BBC ilianzisha kipindi cha kufundisha dansi redioni. Silvester alisoma hatua polepole, ili msikilizaji aliyekuwa nyumbani kwake aweze kuziandika na kuzijaribu sebuleni. Bendi yake aliyokuwa ameiunda mwaka 1935 ikafuata kwa mapigo yasiyokwenda mbio wala kuchelewa, kwani kwa wolzi ya polepole mapigo hayo ni baina ya 84 na 90 kwa dakika. Baadaye kipindi chake cha maombi ya wasikilizaji katika matangazo ya ng'ambo ya BBC kilidumu kutoka 1948 hadi 1975. Alifariki mwaka 1978. Fikirieni: ngoma inasomwa hewani kama taarifa ya habari, na mtu asiyemwona mchezaji anaicheza. Iliwezekana kwa sababu moja tu, kwamba kila hatua ilikwisha kupewa jina, namba na kipimo.

Na huku kwetu? Kabla ya dansi palikuwa na beni, iliyoanzia mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19 ikaenea hadi Tanganyika na mbali zaidi, Marini wakishindana na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Kufikia miaka ya 1930 vijana wa mjini, makarani na walimu na wengineo, walianza kuiona beni imepitwa na wakati, wakaunda klabu zao za dansi. Humo walijifunza foksitroti, wolzi, tango na rumba, wanaume kwa suti na wanawake kwa magauni.

Wapo wanaowacheka vijana wale kwamba waliiga wazungu. Siku moja nilimwuliza baba mdogo kama hakuona aibu. Alinijibu, "Mchana ofisini nilikuwa boi. Mzungu mdogo kuliko mimi aliniita boi. Usiku nikivaa suti yangu, nikainama mbele ya mwanamke, akaniambia asante bwana." Alinyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na wolzi niliicheza kumshinda yule mzungu." Mimi sikumcheka. Mtu aliyeambiwa kutwa kwamba hana adabu za watu, halafu akazishika adabu hizo akazifanya vizuri kuliko mwenyewe, ametoa jibu, hata kama jibu lenyewe amelitoa kwa miguu.

Lakini lilikuwa jibu lenye gharama, na hapa ndipo lilipo lile swali nililoahidi kulifikia. Tarehe 10 Desemba 1962, siku iliyofuata ile ambayo Tanganyika ilikuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge akiwa Rais, akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisema kwamba wengi wetu tumejifunza rumba na chachacha na twisti, na hata wolzi na foksitroti. Lakini akauliza, ni wangapi wanaoweza kucheza, au waliokwisha kusikia tu, gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lelemama?

Lelemama, ndugu wasikilizaji. Ngoma ya bibi yangu.

Tena haikuwa ngoma ya kujifurahisha tu. Katika miji ya mwambao vikundi vya lelemama vilikuwa vyama vya wanawake hasa, vyenye vyeo, michango, mashindano na kuzikana. Bibi Titi Mohamed mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kabla hajaongoza wanawake wa TANU, na alipoanza kazi hiyo mwaka 1955 alipitia vikundi vya ngoma kama hivyo, kwa kuwa huko ndiko wanawake wa Dar es Salaam walikokuwa wamekwisha kujipanga. Kwa hiyo ngoma ambayo wasomi waliiona ya kishamba ilisaidia kuleta uhuru, na ilivyokuwa kwa Ländler ya wale wakulima wa Austria, waliodharau hawakujua ingefika wapi.

Baba mdogo alizisikia habari za hotuba ile, na aliniambia ilimchoma. Lakini hakuacha wolzi, wala sidhani kwamba Mwalimu alitaka aiache. Swali halikuwa kwa nini unaijua hii. Swali lilikuwa kwa nini huijui ile. Na wanamuziki wetu wengine walilijibu kwa namna yao: bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliupa mtindo wake jina la Sikinde, ambalo ni jina la ngoma ya Wazaramo. Gitaa la umeme likaitwa kwa jina la ngoma, na watu wakacheza.

Mimi swali hilo sikulijibu kwa wakati. Nilipokuwa mtu mzima, na kazi yangu ikiwa ya kuhoji watu, nilikwenda kwa bibi na kinasa sauti, nikamwomba anieleze lelemama. Alikuwa mzee sana. Aliketi mkekani, akainua mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja polepole, akaurudisha. "Ni hivi," akasema. Nikamwuliza, "Ni hivi vipi, bibi? Mkono unaanzia wapi? Mguu uko wapi?" Akanitazama kama aliyeulizwa namna ya kupumua. "Mjukuu wangu, unasimama na wenzako, unafanya kama wao." Wenzake walikuwa wamekwisha kufa. Kinasa sauti changu kilinasa sauti yake, na mlio wa bangili zake mkono ulipogeuka. Mkono wenyewe hakikuunasa. Alifariki kabla sijarudi mara ya pili na mtu wa picha.

Hivyo basi, mimi mjukuu wa mcheza lelemama ninaweza leo kusimama mbele ya kipaza sauti nikawaeleza kwa thumni na robo ngoma ya Vienna iliyopitia London. Ya nyanya yangu mzaa baba, aliyenilea, siwezi kuwaeleza hata hatua moja. Sikunyimwa na mtu. Nilidhani ipo tu, kama maji ya mto.

Sisemi kwamba kuandika ni kila kitu. Hatua iliyoandikwa nayo ina ubaya wake: hukauka. Wako wachezaji wa mashindano wanaozicheza hatua sita sawasawa na kitabu na ukiwatazama huoni furaha yoyote, na walimu wa London hawakuwa na haki ya kuwaambia watu wa Vienna wacheze vipi. Ngoma zetu ziliishi kwa sababu hazikufungwa na kitabu. Kila kizazi kiliongeza lake. Lakini ngoma isiyofungwa na kitabu inahitaji kitu kingine cha kuishikilia, nacho ni watu wengi wanaoicheza pamoja, wadogo nyuma ya wakubwa, mwaka baada ya mwaka. Tukiwatawanya watu hao, mmoja akaenda mjini, mwingine akaona haya, na kitabu pia hatuna, basi tumebaki na nini? Tumebaki na majina. Nyang'umumi. Kiduo. Tunayataja katika hotuba.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Baba mdogo hakukataa kwao. Alicheza ya ugenini na akaheshimu ya nyumbani, na ndiyo maana bibi aliziruka zile nyayo za mkaa asizifute. Wangeweza kupeana zamu, kama hatua ya tatu na ya nne: huyu apite mbele, kisha ampishe mwenzake. Aliyekosa kupisha ni sisi tuliofuata.

Kwa hiyo ninalo ombi moja tu. Kama nyumbani kwako yuko mzee anayeijua ngoma, ya kwenu, iwe kubwa au ndogo, Jumapili hii ondoa viti. Usimwombe akueleze, maana nimekwisha kuwaambia jibu nililopewa. Mwombe asimame, simama kando yake, ufanye kama yeye. Kisha chukua kipande cha mkaa uchore pale ulipokanyaga, uandike namba.

Hadi juma lijalo, kwaherini.